Nyota Niliyoiweka Kushoto

Kwanza tafuteni kandambili iliyokatika. Isiwe ile ya sponji nyepesi inayoelea kwenye maji kama kizibo. Hiyo inakunywa wino wote, halafu inautapika mahali pamoja. Tafuteni ile nzito, ya raba kweli, iliyokanyagwa mpaka chini imekuwa laini kama shavu. Mkikosa, soli ya kiatu itafaa, au gome ya shuleni, ile ya kufutia kalamu ya risasi, ila gome ni ndogo na mtoto mwenye gome atalia. Osheni kwa sabuni. Anikeni kivulini, maana jua linapasua raba, na habari ya raba kupasuka nitaifikia. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Ninyi vijana wa jumuiya mliniomba niwaandikie namna ya kutengeneza kadi za Noeli kwa kashe, mfanye wakati wa likizo. Mkasema, "Papa Deo, andika kifupi." Kifupi sikijui. Shule niliiacha mapema, kule Bukavu nilikolelewa, na Kiswahili changu ni cha kule. Nimejaribu kukinyoosha ili hata watu wa mbali wasome. Mkiona mahali kimepinda, pindeni nacho.

Kashe mnazijua za maofisini, ile mihuri ya duara inayogongwa mpaka meza inatikisika. Zetu ni ndogo, za wembe na mkono. Aliyenifundisha ni Mzee Ramazani, fundi wa hapa Kamembe, Mwislamu wa kofia nyeupe na kanzu yenye madoa ya wino wa zambarau kwenye mikono yote miwili. Ndiyo, Mwislamu. Kadi nyingi za Noeli za Kamembe zilitoka kwa mtu wa msikitini, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi niliyekuwa nimetoka nje.

Nilipovuka mto kuja nchi hii ya wazazi wangu nilikuwa mtu mzima, nina mke, na kazi niliyoijua ilikuwa kushona viatu. Nikapata nafasi sokoni, pembeni ya muuza ndizi mmoja aliyependa kubishana. Siku moja akaja huyu mzee wa kofia, akachuchumaa, akaanza kuchambua takataka zangu za soli. Nikamwambia:

"Mzee, uko natafuta kiatu?"

"Hapana. Niko natafuta ng'ombe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaokota kipande cha soli nilichokuwa nimekitenga cha kuwashia mkaa, akakikunja, akakinusa, akasema, "Huyu hapa. Amelala ndani."

Kesho yake akarudi na karatasi aliyoigonga kwa ile soli, sasa imekuwa kashe. Jamani. Ng'ombe alikuwa amelala kweli, miguu ameikunja chini ya tumbo, sikio moja limeinuka kama vile amesikia mtu mlangoni. Niliigeuza ile karatasi nikaangalia nyuma yake, sijui nilitafuta nini nyuma. Siku nzima nilishona viatu vya watu huku namwangalia ng'ombe, na sindano ikawa inanikumbusha kwamba kidole siyo ngozi ya kiatu. Jioni nikamfuata mzee kwenye kibanda chake, nikamwambia sitaki tena kuchoma soli. Nataka kuona wengine waliolala ndani.

Ndivyo nilivyoingia kazi hii. Mke wangu alisema nimepata kichaa, na kwa majuma ya kwanza hakukosea.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo kazi ilipo. Mzee Ramazani aliniambia jambo ambalo mpaka leo nalirudia. Alisema, "Wembe hauchori, Deo. Wembe unaondoa. Pale umeondoa, wino haufiki. Kile umeacha ndiyo kinasema." Kwa hiyo ukitaka mstari, usikate mstari, kata huku na huku, mstari ubaki umesimama peke yake kama tuta la viazi. Wembe ushike ukiulaza nje kidogo, ili mguu wa mstari uwe mpana kuliko kichwa. Ukiukata wima, mstari unalegea, unalala, na nyota yako inatoka na miguu ya ulevi.

Jambo la pili: kashe inaona dunia kinyume. Kilicho kulia kwenye raba kinatoka kushoto kwenye karatasi. Kwa hiyo chora kwanza kwa kalamu laini ya risasi kwenye karatasi nyembamba. Halafu ilaze karatasi uso chini juu ya raba, sugua mgongo wake kwa kijiko, taratibu, mpaka mkono uchoke. Ukiifunua, mchoro umehamia kwenye raba na umekwisha kugeuka wenyewe. Msifanye kwa macho tu, nawaomba sana. Mimi kadi yangu ya kwanza niliandika NOELI kwa macho tu, na herufi zikatoka zinakwenda sokoni wakati watu wanarudi. Maman mmoja akaiinua mbele ya mtoto wake: "Soma hii." Mtoto akasema, "Maman, hii ni ya kusomea ndani ya kioo." Maman akainunua hata hivyo. Alisema ataipeleka kwa shemeji yake anayejifanya kujua kila kitu.

Wino weka kwenye tampo. Tampo tengeneza mwenyewe: kifuniko cha kopo, kipande cha blanketi kuukuu, wino kidogo. Usiishindilie kashe mle kama unaua kunguni. Gusagusa tu. Halafu ilaze kwenye bristoli, ile karatasi ngumu, egemea kwa uzito wa mwili na siyo kwa hasira, usiitikise, inua moja kwa moja juu. Mimi nimeinua kashe tangu nikiwa na nywele nyeusi, na mpaka leo kabla ya kuinua nashika pumzi. Hujui kuna nini chini. Umekichonga mwenyewe, umekipaka wino mwenyewe, na bado hujui.

Ukimaliza isafishe kwa maji ya sabuni na mswaki wa zamani. Esansi, petroli ya pikipiki, hapana. Esansi inaifanya raba ivimbe kama mkate kwenye chai.

Basi. Sasa hori.

Mzee Ramazani alikuwa na kashe moja kubwa ambayo hakuniruhusu kuigusa mpaka nimezeeka kidogo. Ilikuwa hori ya kulia ng'ombe, imejaa majani, na juu yake nyota. Mara ya kwanza aliyonipigia karatasi yake nikaona kosa, nikafurahi, maana mwanafunzi anapenda kuona kosa la mwalimu.

"Mzee, umesahau mutoto."

"Sijasahau."

"Miye naona majani tu."

"Angalia tena, lakini usiangalie wino."

Nikaangalia. Majani yalikuwa mistari myembamba, mingine kama unywele, yote ikielekea katikati, na pale katikati palikuwa peupe. Umbo dogo limejikunja, kama punje ya haragi. Halafu, jamani, akatokea. Sikumwona akija, alikuwepo tu, amelala, usingizi wake unaonekana. Hakuchorwa. Alikuwa karatasi yenyewe, ileile bristoli ya dukani, lakini pale mahali ilikuwa nyeupe kuliko kwingine kote. Nilihisi nywele za mkono zinasimama.

"Kwetu sura ya nabii haichorwi," mzee akasema, huku anafuta wino vidoleni. "Nabii Isa, amani iwe juu yake. Miye ni nani nimupatie pua? Nikikosea ile pua?"

Ndiyo maana alimwachia Mungu mahali, akazungusha majani. Na Wakristo walizichukua kadi zake, na wazee wa kwetu walipoinua ile karatasi walikuwa wanavua kofia bila kuambiwa.

Nyota ilikuwa juu, upande wa kulia. Hilo mlishike.

Kila mwaka Noeli ikikaribia, alikuja kutoka Gitambi mama mmoja mwembamba, kiuno kimefungwa vizuri, mfuko wa maharagi kichwani. Maharagi aliuza, kadi ya hori akachukua moja. Moja tu. Tulimwita Maman Faida, maana kwetu mama anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na yeye hakuwa na wa pili. Huyo Faida alikuwa ameolewa Kalemie, mbali, safari ya gari mpaka Uvira na kutoka Uvira safari ya meli. Kwa hiyo kila aliyemsalimu yule mama alikuwa anamtajia mtoto asiyekuwepo.

Kadi ilibebwa na bamama wanaofanya biashara ya ndagala, wale dagaa wa ziwani. Walipita Bugarama, wakashuka Uvira, na huko waliwapa wenzao wa meli. Ilifika Kalemie inanuka samaki, lakini ilifika. Neno hakukuwa hata moja ndani yake. Maman Faida hakujua kuandika, na mimi nilipojitolea kumwandikia salamu alikataa kwa kichwa, bila kueleza. Nilidhani anaogopa mwandiko wangu.

Mwaka ninaousema, simu zilikuwa bado kitu cha maofisi na wakubwa. Mzee Ramazani macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, hakati tena. Mimi ndiye niliyekata ng'ombe, kengele, mitende, na yeye alikaa kwenye kiti chake anasikiliza wembe na kunigombeza: "Umeulaza sana. Nasikia." Ile hori tulikuwa bado tunapiga kwa kashe yake ya zamani.

Asubuhi moja akaja Maman Faida. Nikatoa kashe, nikagusagusa tampo, nikalaza, nikaegemea. Nikasikia *tik*. Mlio mdogo, kama kuvunja kijiti cha kiberiti. Nilipoinua, karatasi ilikuwa na hori mbili, nusu huku, nusu huku, na ufa umepita katikati ya mtoto. Raba ina uzee wake kama sisi.

"Iko nini?" Maman Faida akauliza.

"Kashe imepasuka, Maman."

"Piga na ingine."

"Hii haina ingine. Chukua ng'ombe. Ao chukua kengele, bantu banaipenda sana mwaka huu."

Akashusha mfuko wa maharagi chini polepole. "Papa Deo," akasema, "miye nikimutumia kengele, mutoto wangu atanizika."

Nikafikiri ni maneno ya kukasirika. Ndipo akatueleza, mimi na mzee, amesimama hivyo hivyo. Siku Faida anaondoka na mume wake, walikuwa hawajui lini wataonana. Mama akampa ile kadi ya hori, akamwambia: kila Noeli ukiona huyu mutoto mweupe, ujue mama yako anapumua. Siku utaona kitu ingine, ao hautaona kitu, ujue nimekwisha kwenda. Ndiyo sababu alikataa maneno. Maneno mtu yeyote anaweza kuandika.

"Na bamama ba ndagala banaondoka kesho asubuhi," akamaliza. Hakulia. Alinitazama tu mikono.

Mimi mikono yangu ilijua ng'ombe na kengele. Yale majani, mistari kama unywele, na ile punje nyeupe ya katikati, nilikuwa nimejaribu mara nyingi kwa siri na kila mara mtoto akatoka kama yai lililoanguka. Hata muuza ndizi hakubisha, na hilo si jambo dogo.

Mzee Ramazani akanyoosha mkono gizani mwake. "Letee raba," akasema. "Ile nzito."

Nikamletea soli bora niliyokuwa nayo. Akaipapasa kote, akainusa, akauliza wembe uko wapi. Halafu akafumba macho kabisa. Alisema ukungu unamsumbua kuliko giza.

Vijana wangu, sijui niwaandikie vipi. Kidole gumba cha kushoto kilitangulia, wembe ukafuata nyuma yake, kama mtu anayemshika mwenzake mkono kuvuka mto. Kidole kinapapasa, kinasimama, kinasema ndiyo, wembe unapita. Unyasi mmoja. Mwingine. Vipande vya raba vilianguka kwenye kanzu yake vidogo kama chumvi. Aliyazungusha majani yote kwanza, mpaka pale katikati pakawa kilima kidogo cha raba ambacho hakijaguswa. Hapo akapumzika, akaomba maji, akanywa. Maman Faida alikuwa amekaa juu ya maharagi yake, midomo inacheza bila sauti.

Halafu mzee akaweka kidole juu ya kile kilima, akakaa hivyo muda, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Na akamkata. Hakukata haraka wala polepole. Alipomaliza alipitisha kidole mara moja kwenye shimo, akatabasamu. Wateja walikuwa wamejaa pale mbele, na mimi sikuwaona walivyokuja.

"Nyota fanya wewe," akaniambia, akanipa raba. "Nyota ni kazi ya batoto."

Nikaichukua. Macho yangu yalikuwa kwa yule mtoto, hayataki kutoka. Kadi moja ya zamani ilikuwa imebandikwa ukutani kama mfano. Nikainua kichwa, nikaona nyota iko kulia, nikaikata kulia.

Mliokuwa mnasoma kwa makini mmeshika kichwa. Mimi sikushika. Mimi niliyewaambia hapo juu msifanye kwa macho tu.

Nikapaka wino, nikalaza, nikaegemea, nikashika pumzi, nikainua. Mtoto alikuwepo. Maman Faida akaja karibu, akainama, na yeye pia hakuangalia kingine. "Ni yeye," akasema. Akaifunga kadi ndani ya kitambaa, akaenda mbio kwa bamama ba ndagala, akasahau maharagi yake. Muuza ndizi akamkimbilia nayo. Mimi nilikaa kwenye kiti nikafikiri hii ndiyo siku kubwa ya kazi yangu yote, na Mzee Ramazani akasema anataka chai.

Noeli ikapita. Kati ya Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, soko likiwa linalala, nikaona wanawake wawili wanakuja. Mmoja ni Maman Faida. Mwingine, mnene kidogo, sura ileile, anamvuta mwenzake mkono, na kiunoni amejifunga kitenge cheusi cha kufiwa. Akasimama mbele ya kibanda.

"Nani hapa fundi wa nyota?"

Mzee Ramazani, bila kuonyesha aibu yoyote, akaelekeza kidole kwangu. "Miye wa mutoto. Nyota ni ya huyu."

Yule mwanamke akatoa kadi mbili, akazipanga mezani. Moja imekunjika kwa miaka, nyingine mpya. Nyota kulia. Nyota kushoto.

"Mutoto ni uleule," akasema. "Majani ni ileile. Lakini nyota imehama. Nikasema basi, Maman amekufa, na bako nanificha."

Mnajua tabia yetu. Mtu aliye mbali haambiwi kifo. Anaambiwa mama ana homa kidogo, njoo umwone, na akifika anakuta watu wamekaa nje. Faida alifikiri ndugu wametafuta fundi mwingine aige kadi, ili asilie peke yake ugenini. Aliacha batoto kwa mke wa shemeji yake, akanunua sukari ya kilio, mfuko mzima, maana mtu haendi msibani mikono mitupu, akapanda meli.

"Mwambie namna ulifika," Maman Faida akasema, na tayari alikuwa anauma midomo asicheke.

"Maman, acha."

"Basi nasema miye. Papa Deo, nilikuwa nachambua maharagi ndani. Nikasikia kilio chini ya mulima. Kilio kikubwa! Na bamajirani bote bakatoka, na miye nikatoka, nikajifunga kitenge, nikaanza kulia pamoja na bengine, maana sijui ni nani. Nikashuka nauliza, nani amekufa? Nani amekufa, bandugu? Ule muntu wa mbele anasema, ni maman yangu! Nikamwambia, pole sana, mama. Pole. Ndiyo akanitazama."

Mzee Ramazani alicheka mpaka kofia ikaanguka. Machozi yalitoka kwenye yale macho ya ukungu, na muuza ndizi akawa anajipiga mapaja.

"Na sukari?" mzee akauliza alipoweza kusema.

"Nainywa," Maman Faida akasema. "Sukari ya kilio changu, miye mwenyewe nainywa. Ni tamu."

Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeinamia meza, natafuta maneno ya kuomba msamaha, lakini Maman Faida alikuwa anaangalia zile kadi mbili.

"Miaka yote natuma ya kweli," akasema taratibu, "haukukuja. Nimetuma ya kosa, umekuja."

"Maman, ulikuwa unasema uko muzima. Muntu muzima nimukimbilie juu ya nini? Nilikuwa nalala vizuri, nasema maman yuko. Juu ya nini haukusema nikuje?"

"Kadi haikuwa na hilo neno."

Muuza ndizi akajifanya anapanga ndizi zake.

Ni Mzee Ramazani aliyeniomba wembe. Akapapasa kashe, akaipata nyota yangu, akaikata akaitenga kabisa na hori, akaniwekea kwenye kiganja. "Ipe mguu wake," akasema. Jioni ileile nikaigandisha kwenye kipande cha mti. Tangu hapo kwetu nyota ni kashe yake na hori ni kashe yake, na hivyo ndivyo ninavyotaka na ninyi mfanye: nyota itengeni, muiweke mnapotaka. Mama na mtoto wakapatana upya mbele yetu. Nyota kulia: niko, tulia. Nyota kushoto: kuja.

Nyota ikaenda kulia mwaka hata mwaka. Mwaka mwingine Faida alikuja bila kuitwa, analeta batoto, mwaka mwingine hapana. Mzee Ramazani akafariki, Mungu amrehemu. Nilimwosha wino vidoleni mara ya mwisho kwa maji ya sabuni na mswaki, watoto wake wakaniruhusu. Halafu mikono yangu nayo ikaanza kutetemeka, nikaacha wembe. Kashe zangu nyingi niligawa. Hori na nyota nilibaki nazo.

Siyo zamani, Maman Faida akaniita. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Gitambi, kashe nimezifunga kwenye kitambaa kifuani. Nilimkuta kitandani, amekuwa mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Mjukuu wa jirani, binti wa rika lenu, alikuwa anamuuguza.

"Piga hori," akaniambia.

Nikapiga. Mtoto akatokea kwenye karatasi, mweupe vilevile, na nywele za mkono zikasimama vilevile.

"Nyota wapi, Maman?"

Aliinua mkono wa kushoto kutoka kwenye blanketi.

Nikampa ile nyota aishike mwenyewe. Mkono wake unatetemeka, wangu unatetemeka, tukaishika wawili, tukaegemea. Ikatoka imepinda kidogo lakini iko. Nikaanza kuwaza nani siku hizi anakwenda Uvira na ndagala, itachukua muda gani, na kama muda upo. Yule binti akatoa simu mfukoni, akaipiga picha kadi, akagusa mara moja.

"Imefika," akasema.

"Imefika wapi?"

"Kalemie, Mzee."

Niligusa nyota kwa kidole. Wino ulikuwa bado mbichi, ukanishika. Wino haujakauka, na kadi iko Kalemie! Nikakaa chini kwenye kigoda. Sijui kama ninyi mnajua mnachotembea nacho mifukoni. Halafu simu ikalia *ti*, binti akasoma: "Nimeona kushoto. Niko nakuja."

Siku aliyofika Faida nilikuwepo, nilikuwa nimeleta sabuni na mkaa. Hakukuwa na kilio chini ya mlima. Aliingia tu, amevaa nguo ya rangi, akapiga magoti karibu na kitanda. Maman Faida akafungua macho, akamtazama sana, halafu akatazama mikono yake.

"Sukari iko wapi?"

"Sikuleta, Maman."

"Juu ya nini?"

"Nyota ilisema nikuje. Haikusema umekufa."

Mama akageuza uso ukutani, mabega yakaanza kutikisika. Binti wa jirani akanitazama kwa woga. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua.

"Basi," akasema, bado anacheka ukutani, "tutakunywa chai chungu."

Na chungu tukainywa, sisi sote, hivyo hivyo. Faida alimwinua akamkalisha. Mama alishika kikombe chake kwa mikono miwili, na kila akimeza alikuwa anamwangalia mtoto wake juu ya ukingo wa kikombe.